Kulala msituni: Usiogope chui, ogopa jiko la mkaa ndani ya hema

Baada ya kipindi chetu cha Jumamosi kuhusu kambi ya stadi za porini tuliyohudhuria wilayani Lushoto, simu ya studio haikupumzika. Wengi mliuliza mtu anafuata nini msituni usiku wakati nyumbani kwake ana kitanda. Wengine mlitaka kujua moto unawashwaje kuni zikiwa zimelowa. Na mama mmoja alituandikia ujumbe mfupi: "Mlisema mwenzenu aliugua akapelekwa hospitali. Aliugua nini? Mbona mlikimbilia kupiga wimbo?"

Mama huyo ana haki ya kuuliza. Hewani tulipita haraka pale kwa sababu tuliona aibu. Kosa lilikuwa letu wenyewe, na lilikaribia kuondoka na watu wawili wa redio hii. Katika makala haya tunaeleza tuliyojifunza kambini, na tunaeleza kosa hilo bila kuficha, kwa sababu linaweza kutokea nyumbani kwako msimu huu wa baridi hata kama hujawahi kukanyaga msitu.

Kambi ilikuwa ya namna gani

Kambi ilikuwa ya siku tatu, usiku mbili, pembeni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, katika milima ya Usambara Magharibi. Kama hujafika huko, ukitoka Mombo kwenye barabara kuu unapanda kona baada ya kona kupitia Soni hadi Lushoto mjini. Kwa barabara ni kama kilometa 33, lakini kwa kwenda juu umepanda karibu kilometa nzima. Kutoka Lushoto unaendelea kupanda tena hadi Magamba.

Tulikuwa watu wapatao 40. Walikuwepo vijana wa skauti na walimu wao, wafugaji nyuki, akina mama wanaookota kuni na uyoga, vijana wanaotaka kazi ya kuongoza watalii, na maafisa misitu. Walimu wakuu walikuwa wazee wawili wa vijiji jirani: babu mmoja aliyerina asali tangu ujana wake, na bibi mmoja ambaye kila mtu pale, hata afisa misitu, alimwita Bibi tu.

Hapakuwa na jukwaa wala mgeni rasmi. Tulifundishwa kuchagua mahali pa kulala, kufunga turubai, kuwasha moto bila kiberiti, kupata maji salama, kusoma njia, na kufanya nini ukipotea. Jioni watu walikaa kuzunguka moto, wazee wakaulizwa maswali.

Mikusanyiko hii ilitoka wapi

Mzee wetu alicheka aliposikia kwamba Ulaya na Marekani Kaskazini watu hulipa fedha nyingi kufundishwa kulala porini na kuwasha moto kwa kupekecha vijiti. "Kumbe mimi ni profesa," alisema.

Ni kweli. Kule mikusanyiko ya aina hii hufanyika kila kiangazi. Watu wanaofanya kazi maofisini huchukua likizo, hubeba kisu, sufuria na turubai, hukutana msituni, na hufundishana. Sababu yake haishangazi. Mtu ambaye maisha yake yote moto umetoka kwenye swichi na maji kwenye bomba, siku moja hugundua kwamba hajui kufanya jambo lolote kati ya yale yaliyomweka hai babu wa babu yake.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeijua kambi kupitia skauti. Mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza, alifanya kambi ya kwanza ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri, Kenya, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko huko.

Lakini maarifa yenyewe ni ya zamani kuliko skauti, na yapo katika lugha yetu. Kiswahili kina jina kwa kila kijiti cha kupekechea moto. Kile kirefu kinachozungushwa kwa viganja huitwa ulindi, na kile cha chini chenye kishimo, kinacholazwa ardhini, huitwa wimbombo. Kule kambini tuliwauliza vijana wangapi wameyasikia maneno hayo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hapo ndipo Bibi aliposema, "Neno likipotea, na kitu chenyewe kinaondoka." Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi bado wanawasha moto kwa vijiti, lakini kwa wengi wetu kiberiti kimefuta ujuzi huo kwa kizazi kimoja au viwili.

Kwanza, mahali pa kulala

Swali la kwanza la vijana lilikuwa juu ya chui. Afisa misitu alijibu kwamba wanyama wengi wa msituni hukwepa watu, na kwamba yeye akikagua kambi huangalia mambo manne kabla ya kumfikiria chui.

La kwanza ni juu ya kichwa chako. Tazama miti. Tawi kavu linaloning'inia, au mti mzima uliokufa ukiwa umesimama, unaweza kuanguka usiku hata bila upepo mkubwa. Usifunge hema chini yake.

La pili ni bonde. Mtu mgeni hupenda kulala chini karibu na kijito kwa sababu maji yako jirani. Mvua ikinyesha mlimani, hata kama kwako hakuna tone, kijito kinaweza kufurika ghafla. Tena hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo usiku huteremka na kujikusanya bondeni. Panda juu kidogo ya bonde, lakini usifike kileleni kwenye upepo.

La tatu ni njia ya wanyama na ya siafu. Ukiona majani yamelazwa kama kijia, usikifunge kijia hicho kwa hema lako. Siafu hawana adabu ya kupiga hodi. Wenyeji huzungushia majivu mahali wanapolala. Chakula usilale nacho ndani ya hema, kining'inize mbali.

La nne ni saa. Kambi hujengwa jua likiwa bado lipo. Karibu na ikweta giza huingia upesi. Saa kumi na mbili jioni unaona njia, na kabla ya saa moja kutimia huoni mguu wako. Kwenye mwavuli wa miti giza linawahi zaidi. Mzee alisema ifikapo saa kumi jioni, kama hujafika unakokwenda, acha kutembea na uanze kutengeneza pa kulala.

Baridi hutoka chini

Kadiri unavyopanda mlima, joto hupungua. Kwa makadirio, kila mita 1,000 za kwenda juu hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoka Mombo akiwa anatokwa jasho na akafika Magamba akitafuta sweta. Mwezi Juni na Julai usiku huko ni baridi kweli.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba mtu aliyelala hupoteza joto jingi kupitia ardhi. Sisi tulikuja na blanketi nzito mbili na tukajifunika zote juu. Bibi alizitazama akatikisa kichwa. "Wanangu, blanketi moja iwekeni chini. Ardhi inakunywa joto la mtu."

Wenyeji walikuja na viroba vitupu, wakavijaza maganda makavu ya mahindi waliyobeba kutoka nyumbani, na kila mmoja akawa na godoro. Nyasi kavu au maranda ya seremala yanafaa pia. Kazi inafanywa na hewa iliyonaswa katikati ya maganda, maana hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kumbuka pia kwamba ndani ya hifadhi huruhusiwi kukata majani mabichi kufanya kitanda.

Jambo jingine ni nguo iliyolowa. Jasho la mchana likibaki mwilini usiku linakuibia joto. Weka jozi moja ya nguo kavu kwenye mfuko wa nailoni, usiiguse mchana, uvae wakati wa kulala tu. Kofia na soksi kavu si urembo.

Mtu akizidiwa na baridi utamwona anatetemeka sana, anadondosha vitu, anajikwaa, na maneno yake yanakuwa mazito kama ya mlevi. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, usidhani amepata nafuu. Hali ni mbaya zaidi. Mkinge na upepo, mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu, mfunike pamoja na kichwa, na mpatie joto kifuani na tumboni. Kama ana fahamu zake na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimpe pombe. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, mtu akahisi joto kwa muda, kumbe joto la ndani linatoka nje. Kisha mpeleke hospitali.

Moto: kuni kwanza, kiberiti baadaye

Asubuhi ya siku ya pili vijana walishindana kuwasha moto kwa ulindi na wimbombo. Wengi walipata moshi na malengelenge viganjani. Wawili walipata moto, mmoja wao msichana wa kidato cha pili, baada ya Mzee kumrekebisha mara nyingi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ulindi unasugua wimbombo hadi unga mweusi unajikusanya kwenye pengo la kishimo. Ukiendelea bila kupumzika, unga huo hushika moto ndani kwa ndani na kubaki kaa dogo jekundu kama la sigara. Unalimwaga taratibu kwenye fundo la nyasi kavu laini au nyuzi za ganda kavu la mgomba, unakunja mikono kama unayeshika kifaranga, na unapuliza polepole. Ukifanya pupa, kaa linazimika na unaanza upya.

Hata hivyo Mzee alituambia wazi kwamba mwenye akili huenda msituni na kiberiti, tena viwili, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa nailoni uliofungwa. Vijiti ni kwa siku viberiti vitakapokwisha.

Kwa waliouliza kuhusu kuni zilizolowa: maji yaliyomo kwenye kuni lazima yakauke kwanza kabla ukuni haujawaka, na kazi hiyo hula joto lote la moto wako mchanga. Kwa hiyo usiokote tawi lililolala kwenye matope. Tafuta tawi lililokufa lakini halijagusa ardhi, limening'inia au limenaswa kwenye vichaka. Livunje. Likikatika kwa mlio mkavu, linafaa. Likijikunja, liache. Mvua ikiwa imenyesha siku nzima, pasua ukuni mnene katikati, maana ndani mara nyingi ni mkavu.

Panga mafungu matatu kabla ya kuwasha: vijiti vyembamba kama njiti, vya unene wa kidole, na vya unene wa kifundo cha mkono. Watu wengi hushindwa kwa sababu wanawasha kwanza, kisha wanakimbia kutafuta kuni huku moto unakufa nyuma yao.

Na moto una deni. Kuwasha moto ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa. Sisi tuliwasha mahali tulipoonyeshwa, pamesafishwa hadi udongo. Wakati wa kuondoka unamwaga maji, unakoroga, unamwaga tena, kisha unasogeza mgongo wa kiganja. Ukihisi joto, bado hujazima. Tunakumbuka Oktoba 2020 moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro, ukianzia eneo la Whona kwenye njia ya Mandara kwenda Horombo. Mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi, walipanda mlima kupambana nao kwa siku nyingi.

Usiku wa jiko

Sasa tunafika kwenye swali la mama yule.

Usiku wa kwanza sisi wawili wa redio, mtangazaji na fundi mitambo, tulilala hema moja. Tulikuwa tumechelewa kufika, tulifunga hema gizani, blanketi zote zikiwa juu na chini tuna mkeka tu. Ilipofika saa tano usiku tulikuwa tunagonga meno. Jikoni kulikuwa na jiko la mkaa lililopikia chai, mkaa umeshakolea, mwekundu, hauna moshi hata chembe. Tukalibeba tukaliweka ndani ya hema karibu na miguu, tukafunga zipu ili joto lisitoke. Tulikumbushana kwamba jiko la moshi ndilo baya, na hili halina moshi. Tukalala tukiwa tumeridhika sana.

Hatujui ilikuwa saa ngapi mmoja wetu alipozinduka. Kichwa kilikuwa kinapasuka na kichefuchefu kimejaa. Alidhani ni baridi au uchovu wa safari. Alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akamwita mwenzake, mwenzake hakujibu.

Kilichotuokoa ni Mzee. Alikuwa zamu ya kulinda moto wa kambi, akaona wekundu ndani ya hema letu kupitia kitambaa. Alifungua zipu, akalitupa jiko nje, akatukamata miguu na kutuvuta hadi kwenye nyasi, huku akipiga kelele kuamsha watu. Hewa ilimzindua mtangazaji baada ya muda. Fundi mitambo alikuwa anapumua lakini hakuamka. Afisa misitu alileta gari, wakateremka naye usiku ule ule hadi hospitali, akawekewa oksijeni. Aliamka kabla ya mapambazuko. Alitoka jioni yake, na mnapotusikia leo ndiye aliyeko kwenye mitambo.

Asubuhi tulikwenda kumshukuru Mzee. Tukasema, "Shikamoo baba, tusamehe, tumekuamsha vibaya." Akaitikia, "Marahaba wanangu." Halafu akatuambia kwamba miaka mingi nyuma, msimu wa baridi, kijijini kwake walizika mama na mtoto mchanga waliolala na jiko kwenye chumba kilichofungwa. Watu walisema ni uchawi. Tangu siku hiyo, alisema, akiona wekundu kwenye dirisha lililofungwa hapiti bila kugonga.

Kwa nini mkaa usio na moshi unaua

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Moshi wa kuni unakufukuza kwa kukuliza machozi, lakini mkaa uliokolea haukupi onyo lolote. Ndiyo maana wazo letu lilikuwa kinyume kabisa na ukweli.

Kwa kawaida damu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Nafasi ya oksijeni inachukuliwa. Unaendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, miguu kuishiwa nguvu, na kuchanganyikiwa. Ukiwa umelala unaweza kupitiliza dalili zote bila kuamka. Watoto na wajawazito, pamoja na mtoto aliye tumboni, wako katika hatari kubwa zaidi.

Tunaomba haya yakae kichwani:

Jiko la mkaa lisilale ndani ya hema, chumba au gari lililofungwa, hata likiwa limebaki makaa machache. Beseni la maji kando ya jiko halizuii gesi hii. Kitambaa kibichi puani hakiizuii. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya chumba wala kwenye kibaraza kilichozibwa, kwa sababu hutoa gesi hiyo hiyo.

Ukitaka joto, ota moto nje, kisha acha jiko nje na uingie na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Hivyo ndivyo tulivyofanya usiku wa pili, pamoja na blanketi moja chini na kiroba cha maganda alichotugawia Bibi, na tulilala hadi jogoo.

Ukimkuta mtu katika hali kama yetu, fungua mlango na madirisha, usikae ndani ukitafakari, mtoe nje kwenye hewa safi. Kama hapumui na umefundishwa huduma ya kwanza, anza kumsaidia kupumua. Mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu, na waambie wahudumu wazi kwamba alilala na jiko, kwa sababu dalili hufanana na malaria au uchovu na muda unaweza kupotea. Watoe wote waliokuwa chumba hicho, si yule aliyeanguka peke yake.

Tunafikiria nyumba zetu za Lushoto, Njombe, Mufindi, Makete na kwingineko kwenye baridi. Tunafikiria msibani, pale wageni wanapolala wengi chumba kimoja na mtu mwenye huruma anawaletea jiko. Tunafikiria mlinzi wa shamba kwenye kibanda cha mabati. Chui hajafika kwenye vibanda hivyo, lakini jiko limefika.

Maji na choo

Maji ya kijito cha msituni huonekana meupe kama ya chupa, lakini juu yako kuna wanyama na huenda kuna watu. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu, na yaendelee kutokota kwa dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache dakika 3, kwa sababu mlimani maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Kama yana matope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Choo kiwe mbali na kijito kwa mita 60 au zaidi, yaani kama hatua 80 za mtu mzima. Chimba kishimo cha kina cha sentimeta 15 hadi 20, kisha ufukie. Maji ya Usambara yanateremka kwa watu wa chini, nao wanakunywa.

Ukipotea

Akina mama wa kuni walisema kinachopoteza watu ni ukungu. Unashuka dakika chache, na mti uliokuwa alama yako hauonekani.

Bibi alifundisha hivi: ukijua umepotea, kaa chini. Usikimbie, maana anayekimbia huongeza umbali wa kutafutwa. Kunywa maji, tazama ulikotoka, na kama huna uhakika baki hapo hapo. Piga filimbi mara tatu, tulia, kisha mara tatu tena. Tatu inajulikana duniani kote kuwa ni ishara ya kuomba msaada. Sauti ya kupiga kelele hukauka upesi, filimbi haichoki.

Simu yako iwekee akiba. Zima data, punguza mwanga wa kioo, na uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza chaji. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi mara nyingine hupita pale ambapo simu ya kuongea inakataa. Hapa Tanzania namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Lakini kinga kubwa haiko kwenye simu. Kabla ya kwenda mwambie mtu mmoja unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Mwambie pia ukipitiliza saa hiyo afanye nini.

Ruhusa na vifaa

Kuna nchi, Sweden kwa mfano, ambako desturi na sheria humruhusu mtu yeyote kulala usiku mmoja msituni bila kuomba, mradi asiharibu wala asisumbue. Kwetu sivyo. Kulala ndani ya hifadhi ya msitu kunahitaji kibali na malipo. Anza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, iliyo karibu nawe. Kama ni msitu wa kijiji, onana na serikali ya kijiji. Kibali hakipo kwa ajili ya fedha tu. Ndicho kinachofanya wenye msitu wajue kwamba uko ndani.

Huhitaji vifaa vya dukani vya bei kubwa. Kijana mmoja pale alikuwa na turubai la kuanikia mahindi, kamba, panga, sufuria, viroba viwili, blanketi mbili, tochi, filimbi, viberiti viwili na nguo kavu. Alilala vizuri kuliko sisi tuliokuja na hema la zipu.

Tulipoagana siku ya tatu, Mzee alitushika mkono akatuuliza kama tutasema redioni yaliyotupata. Tukajibu tutasema. Hewani hatukusema. Leo tumesema, na tunamshukuru yule mama kwa kutusukuma.

Usiku huu, kabla hujalala, tazama jiko lako liko wapi. Kama liko ndani, litoe. Kama una jirani asiyesoma, au bibi aliye peke yake kwenye nyumba ya baridi, mpelekee habari hii kwa mdomo.